Magongo Matatu ya Malachy

La kwanza lilivunjika dakika ya tisa. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu katika hurling, mchezo wetu wa Ireland wa kupiga mpira mdogo kwa magongo, gongo huvunjika. Mchezaji hukimbilia ukingoni, hurushiwa jingine, na mchezo huendelea. La pili lilivunjika kabla ya mapumziko. Hapo nikamsikia mtu nyuma yangu jukwaani akiuliza, "Na lile nalo la Malachy?" Mwenzake akamjibu, "Nyamaza wewe, mkewe si huyo mbele yako?"

La tatu lilikuwa la Donal Quealy, kijana wetu anayepiga mipira ya adhabu. Aliinama kuuwahi mpira pamoja na beki wa wapinzani wetu, Tobermoy, magongo yao yakakutana, na bapa la gongo la Donal likakatika vipande. Kipande kimoja, hakizidi kidole, kikapenya kwenye wavu wa kofia na kumchana chini ya jicho. Alishonwa nyuzi saba. Daktari alisema kingepanda juu kidogo tu, jicho lingekwenda.

Tulishinda, tukaingia fainali. Lakini nilipokuwa nashuka ngazi za jukwaa, watu walinipisha njia kwa heshima nyingi mno, na heshima ya namna ile siipendi.

Magongo yote matatu yalikuwa na alama ya MH iliyochomwa kwa chuma cha moto kwenye mpini. Malachy Hehir, mume wangu. Miaka arobaini na moja amewachongea vijana wa Rathcurra, parokia yetu, magongo ya ash, mti wenye mbao ngumu inayopinda, katika banda lililo nyuma ya jiko langu. Siku zote tukitoka mechi huwa anagombana na kioo cha gari, anamtukana mwamuzi mpaka tufike nyumbani. Siku ile hakusema neno.

Kikao cha klabu kikaitishwa Alhamisi, na jambo lilikuwa moja tu: Jumapili, siku ya fainali, vijana wacheze na magongo ya Malachy au wachukue ya plastiki. Nilijua maana yake. Wakimwacha kwa fainali, wamemwacha kabisa. Parokia nyingine nne zinazochukua magongo kwake zingesikia kabla ya Ijumaa mchana, na mzee wa miaka sabini angebaki na banda lenye vumbi la mbao na jina bovu.

Nikaanza kutafuta mkono wa mtu aliyeyaharibu. Sikuhangaika sana, mkono ulikuwa mezani kwangu kila Jumapili, ukikata nyama yangu ya kuoka.

Ultan Meaney, mume wa binti yetu Dervla, ana duka la vifaa vya michezo pale Ennis. Ukuta mzima umejaa magongo ya plastiki, ya bluu, ya machungwa, mengine ya rangi ambayo sijawahi kuiona kwenye kitu cha Mungu. Sasa sikiliza. Ijumaa kabla ya ile nusu fainali, Ultan alikuja na gari lake la mizigo akasema, "Mama, msihangaike, magongo nitawapelekea mimi uwanjani." Tangu lini? Miaka sita ya ndoa hajawahi kubeba hata fimbo ya kufukuzia kuku. Akayabeba, yakalala dukani kwake, kesho yake yakavunjika matatu.

Dhana hiyo nilimwambia rafiki yangu Concepta tu, langoni mwa kanisa, baada ya misa.

"Usimwambie mtu," nikamwambia.

"Mimi?" akasema Concepta, ameshika kifua. "Mimi ni kaburi, Nonie."

Nikamwona kaburi anavuka barabara kwenda kwa wanawake wa kwaya, mbio.

Jumatatu, wakati wa chai, nikamtegea Malachy kitendawili kama tulivyozoea. Ndiyo mchezo wetu tangu tuoane. Akishindwa ananipa mji, na kwa miaka yote hii ameshanipa karibu nusu ya jimbo la Galway, maana miji ya Clare, jimbo letu, hataki kuitoa.

"Kitendawili."

"Tega," akasema, macho yako dirishani.

"Usiku anavaa shati jeupe, jua likimgusa anavua."

Huyu ni mtu aliyeamka saa kumi na moja maisha yake yote. Ameiona barafu juu ya majani ya shamba lake mara nyingi kuliko alivyouona uso wangu. Lakini akanijibu, "Sijui. Chukua mji."

"Mji gani?"

"Gort."

"Gort ulinipa mwaka juzi."

"Basi Athenry. Chukua Athenry, Nonie, uniache ninywe chai."

Alinipa Athenry nzima kwa kitendawili cha mtoto. Nikasema moyoni, Ultan amemuumiza mzee huyu kuliko nilivyodhani.

Jumanne nikapanda basi kwenda Ennis. Ultan alikuwa peke yake dukani, anabandika vitambaa vya kushikia kwenye mipini.

"Mama! Umekuja kununua la machungwa?"

"Nimekuja kukuangalia."

"Niangalie, ni bure." Akacheka, halafu akaacha, kwa sababu mimi sikucheka.

"Ultan, yale magongo yalilala wapi Ijumaa ile?"

"Humu humu, pale pembeni."

"Karibu na hita?"

"Hita imezimwa tangu Aprili. Mama, unaniuliza nini hasa?"

"Naelewa mambo ya biashara. Mbao ikivunjika mbele ya watu, plastiki inanunuliwa."

Akaweka mkasi chini. Uso wake ulipanda rangi kuanzia shingoni. Nikasema, huyo, nimempata. Akaingia chumba cha nyuma, akakaa huko muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda, akatoka na mfuko wa takataka mweusi. Ndani mlikuwa na magongo matatu yaliyovunjika na vipande vyake.

"Umeyaficha!" nikasema.

"Ndiyo, nimeyaficha. Kocha Tadhg alitaka kuyapeleka kikaoni yakatazamwe, nikamwambia nimeshayatupa. Tazama mwenyewe, wewe unajua mbao. Mimi nauza ndoo za plastiki zenye mpini, si ndivyo mnavyosema?"

Nikatoa la Donal. Nimeishi miaka arobaini na moja na vumbi la ash kwenye mkate wangu, kwa hiyo sikuhitaji mtu wa kunifundisha. Ash nzuri ikivunjika huchanika ndefu, huacha nyuzinyuzi kama unavyochana nyama iliyoiva. Hii ilikuwa imekatika mkato mfupi, pap, kama karoti. Nikatazama la pili, karoti. La tatu nalo karoti. Hakukuwa na msumeno hapo, wala moto wa hita. Ubaya ulikuwa ndani ya mbao yenyewe.

Sote tunaujua huo ugonjwa. Umekula miti ya ash kutoka huku mpaka Dublin, matawi yanakauka juu kama mtu anayepoteza nywele, na mbao inakuwa kavu isiyo na uhai. Ndiyo maana mafundi wengine siku hizi wanaagiza mbao kutoka nchi za nje. Ndiyo maana kuna ukuta wa plastiki dukani kwa Ultan.

"Na ile Ijumaa uliyabeba kwa nini?" nikamuuliza. Bado sikutaka kumwachia.

"Kwa sababu Dervla aliniambia baba yake anashika mgongo akibeba vitu. Ndiyo siri yangu kubwa hiyo, Mama."

Nikarudi na basi la saa nane. Nilijiambia pengine Malachy alidanganywa na aliyemuuzia mbao. Pengine hakujua. Mtu anaweza asijue.

Nikasimama jikoni, nikamenya viazi na dirisha wazi, nikasikiliza banda. Msumeno ukalia. Msasa ukalia. Halafu kimya, halafu msumeno tena.

Nikaacha viazi.

Kuna sauti haikuwepo. Malachy akimaliza gongo huliweka bapa chini sakafuni, hushika mpini kwa mikono miwili, akaliegemea kwa uzito wake wote mpaka lipinde. Mara tatu kila gongo. Mwenyewe anaita kuliuliza. Likijibu vizuri hurudi juu na kulia kidogo, na mlio ule nimeusikia nikipika, nikinyonyesha, nikisali rozari. Sasa nilisimama na kisu mkononi, msasa ukanyamaza mara nne, magongo manne, na hakuna hata moja lililoulizwa. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho kuusikia mlio ule. Haikuwa wiki ile. Haikuwa mwezi ule.

Chai ikafika.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega."

"Mzee mmoja miaka yote alikuwa akiwauliza wanawe swali moja kabla hawajatoka nyumbani. Siku hizi wanatoka bila kuulizwa. Anaogopa nini?"

Kijiko kikasimama ndani ya kikombe chake.

"Nakupa mji," akasema.

"Sitaki mji, Malachy. Nataka jibu."

Akatoa kijiko kikombeni. Kisha akasema, "Ni ile miti ya njiani."

Miti ya njiani ilipandwa na baba yake, kumi na tisa, kutoka lango la barabara mpaka mlango wetu. Majira mawili ya joto yaliyopita ilianza kukauka juu. Mwaka jana Malachy aliikata, akaniambia ni kwa ajili ya usalama, matawi yasimwangukie mtu wa posta. Nilidhani iliishia kuni.

"Shina lilikuwa jeupe, Nonie. Jeupe kama maziwa. Ugonjwa ulikuwa juu, nikasema chini haujafika."

"Na ulipoliuliza?"

"La kwanza lilikatika. Nikasema bahati mbaya. La pili likakatika." Akakisukuma kikombe pembeni. "La tatu sikuliuliza."

"Ungechukua mbao za Denmark kama wenzako."

"Baba yangu hakupanda miti ile iwe kuni."

"Wala hakuipanda imtoboe Donal jicho. Mangapi yako nje?"

"Kumi na mawili wanayo vijana. Thelathini ya fainali yako humo bandani."

Nilitaka kumshika mkono, na nilitaka kumpiga na birika. Nikammiminia chai nyingine.

"Alhamisi utasema," nikamwambia.

"Nitasema."

"Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako."

"Nimesema nitasema, mwanamke!"

Usiponiamini shauri yako, lakini tangu pale nilimtazama mume wangu kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyewahi kumpiga teke. Jumatano nikamwona anaongea na Tadhg Liddane, kocha wetu, nje ya posta. Tadhg akamgonga begani kwa upendo. Mtu aliyeambiwa ukweli hagongi begani namna ile.

Alhamisi saa moja jioni ukumbi wa klabu ulijaa mpaka wengine wakakaa kwenye madirisha. Donal alikuwa mbele, plasta shavuni. Ultan na Dervla walisimama karibu na mlango, na karibu yao palikuwa na nafasi tupu, ingawa watu walikuwa wamebanana kila mahali. Nikaiona ile nafasi. Sikuielewa mpaka Tadhg alipoanza kusema.

"Nitasema kifupi. Kwa magongo ya Malachy baba yangu alicheza, mimi nikacheza. Hayavunjiki matatu kwa siku moja hivi hivi. Kuna watu wana faida yakivunjika. Simtaji mtu."

"Mtaje tu!" sauti ikatoka nyuma.

"Gari la plastiki libebe mbao, mnategemea nini?"

Watu wakacheka, na hakikuwa kicheko kizuri.

"Ultan, ulitumia msumeno au oveni?"

"Muulizeni alipika kwa dakika ngapi!"

Ultan alitazama viatu vyake. Angeweza kusema. Mfuko mweusi ulikuwa kwenye gari lake, hatua ishirini kutoka pale. Dervla alikuwa analia bila sauti, na Concepta, upande wa pili wa ukumbi, alikuwa anachunguza dari kama mtu aliyeajiriwa kuipaka rangi.

Neno langu moja la langoni mwa kanisa. Lilitoka kwangu jembamba, sasa limerudi limenenepa, limekaa katikati ya ukumbi.

"Basi anayetaka tubaki na mbao za Malachy Jumapili…" Tadhg akaanza.

Malachy akasimama. Watu wakapiga makofi kabla hajafungua mdomo. Wazee wakagonga sakafu kwa miguu, mtu mmoja akapiga mluzi. Akazungusha kofia mikononi, akawatazama wote, uso mmoja mmoja.

"Asanteni," akasema. "Miaka arobaini na moja. Asanteni sana."

Akaketi.

Nikamngoja. Nilidhani anavuta pumzi. Nikahesabu mpaka kumi, na mikono ya watu ikaanza kunyanyuka kupiga kura, mmoja, miwili, kisha msitu. Malachy alikuwa anatazama mbele tu.

Nikasimama.

"Shusheni mikono," nikasema. "Mimi ndiye niliyesema ni Ultan. Nilimwambia Concepta, na Concepta amewaambieni ninyi nyote, na ninyi mmeongeza oveni. Ni uongo. Magongo yamevunjika kwa sababu mti ulikuwa mgonjwa. Ni miti ya kwetu, ya njiani. Na thelathini mnayoyangoja yametoka kwenye miti hiyo hiyo."

Donal akageuka kwenye kiti chake, taratibu, kwa sababu ya nyuzi.

"Malachy, ulijua?"

"Nilihisi," Malachy akasema.

"Ulihisi au ulijua?"

Kofia ikazunguka mara moja zaidi.

"Nilijua."

Donal hakumtukana. Ingekuwa nafuu. Alirudi akatazama mbele, na Malachy akainuka, akapita katikati ya watu kwenda mlangoni. Hakuna aliyemgusa wala aliyempisha kwa heshima.

Tadhg akajikohoza. "Ultan. Una magongo mangapi dukani?"

"Yanatosha," Ultan akasema.

Nilimfuata nje alipokuwa anafungua gari lake.

"Ultan, mwanangu, nisamehe."

"Miaka sita, Mama. Miaka sita nakula kwako kila Jumapili. Nilidhani ulikuwa unaniangalia hivyo kwa sababu nakula polepole."

Nikajaribu kucheka. Yeye hakucheka. Akafunga mlango wa gari, si kwa nguvu, akaondoka na binti yangu.

Ijumaa vijana waliyarudisha yale kumi na mawili, wakayalaza kando ya lango letu bila kubisha hodi. Malachy alilala kwenye kiti bandani siku mbili, hakuongea na mimi. Jumapili nikamwambia naenda mechi. Akasema nenda. Nikaendesha gari peke yangu, nikakaa peke yangu. Dervla alinipungia mkono kutoka safu ya juu. Ultan alikuwa anatazama uwanja.

Vijana wetu walitoka na magongo ya bluu na ya machungwa kama watoto wa sherehe, watu wa Kilshannagh, wapinzani wetu wa fainali, wakatucheka. "Hayo ni bunduki za maji za watoto?" wakapiga kelele. Mimi nilikuwa nasikiliza kila mgongano na kukunja uso kabla haujafika. Nusu saa, hakuna lililovunjika. Dakika arobaini, hakuna. Nilipotulia kidogo ndipo nikamwona mzee mmoja amesimama peke yake nyuma ya goli la mbali, ameegemea ukuta, kola ya koti imepandishwa. Sijui nani alimleta. Nadhani alitembea maili zote tano.

Dakika ya mwisho tulikuwa sawa kwa pointi. Donal akapata mpira wa adhabu, mbali, kutoka pembeni. Akaunyanyua mpira kwa gongo la machungwa, akapiga. Sikuuangalia mpira. Nilimwangalia Malachy. Uwanja wote ukalipuka, mtu akanikumbatia asijue ananikumbatia nani, na kule nyuma ya goli mume wangu akapiga makofi, mara mbili tu, akarudisha mikono mifukoni.

Nilipofika kwenye gari alikuwa ameshakaa ndani, kiti cha abiria, mkanda amefunga.

Tukaenda maili mbili.

"Mlio wake ni kama ndoo," akasema.

"Halikuvunjika," nikasema.

Akatazama nje ya dirisha.

"Bado," akasema.